Kiingereza cha Kidato cha Kwanza na Nyenzo za Mtandaoni Zinazostahili Bando Letu

Kwa mwalimu wa Kiingereza katika sekondari ya kata mkoani Kigoma, bando la intaneti ni fedha inayotoka mfukoni mwake mwenyewe, na muda wa kulitumia ni ule unaobaki baada ya kusahihisha madaftari na kuandika andalio la somo la kesho. Tovuti zinazojitangaza kuwa zinamsaidia mwalimu wa lugha hii ni nyingi mno, na nyingi kati yake ni nzuri kweli kwa watu waliotengenezewa. Ninafundisha huku Kasulu, na makala hii nawaandikia walimu wenzangu wa Kigoma na Tabora, hasa wanaoanza kazi, ili niwaeleze zipi naona zinastahili bando hilo na kwa sababu gani.

Kipimo changu kinatokana na hali ya mtoto anayeingia Kidato cha Kwanza. Nyumbani, katika vijiji vyetu, anazungumza Kiha, na mwenzake wa Uyui au Sikonge anazungumza Kinyamwezi. Katika shule ya msingi ya serikali amefundishwa masomo yake kwa Kiswahili, ukiacha somo la Kiingereza lenyewe, kwa utaratibu uliotangazwa mwaka 1967. Kisha Januari inafika, anavaa sare mpya, na anakuta kwamba Biolojia, Jiografia, Kemia na Fizikia zinafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Anapitishwa kwenye kozi fupi ya awali ya lugha, halafu vipindi vinaendelea kana kwamba kila kitu kimeeleweka. Mwanafunzi huyu hajifunzi Kiingereza ili siku moja aulize njia katika mitaa ya London. Anakihitaji wiki hii hii, ili aelewe swali ambalo mwalimu wa Biolojia ameliandika ubaoni na aweze kulijibu kwa sentensi kamili. Nyenzo inayosahau mzigo huo, hata ikiwa na picha za kupendeza namna gani, inamsaidia kidogo tu.

Nikizipima kwa namna hiyo, naona tovuti hizi zinagawanyika katika koo mbili. Ukoo wa kwanza unajulikana na karibu kila mwalimu: LearnEnglish na TeachingEnglish za British Council, BBC Learning English, ambayo mizizi yake ni vipindi vya redio vilivyoanza mwaka 1943, na VOA Learning English ya Marekani. Hizi humchukua mwanafunzi kuwa mtu anayejifunza lugha ya kigeni kama somo mojawapo, akiwa na muda wa kutosha wa kuizoea. Ukoo wa pili walimu wengi wa kwetu hawaufahamu, kwa sababu ulitengenezwa kwa ajili ya walimu wa Marekani wanaopokea watoto wa wahamiaji madarasani mwao. Mtoto huyo anatoka Mexico au Guatemala, anaingia shuleni bila Kiingereza, na papo hapo anatakiwa kusoma sayansi na historia kwa lugha hiyo. Ukiondoa jina la nchi, huyo ni mwanafunzi wangu wa Kidato cha Kwanza.

Habari yao inafaa ijulikane huku kwetu. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi iitwayo Lau v. Nichols, iliyohusu watoto wa asili ya Kichina katika shule za San Francisco, ambao wapatao 1,800 kati yao hawakuwa wanapewa msaada wowote wa ziada wa lugha. Mahakama ilisema kwamba kumpa mtoto vitabu vilevile, walimu walewale na mtaala uleule hakumfanyi awe sawa na wenzake ikiwa haelewi lugha inayotumika darasani. Kila ninapoisoma hoja hiyo nawafikiria wanafunzi wanaokaa viti vya nyuma katika madarasa yetu, wakinakili ubao kwa mwandiko safi kabisa bila kujua wanachonakili kinasema nini.

Katika ukoo huo wa pili, tovuti ninayoirudia mara nyingi zaidi ni Colorín Colorado, inayoendeshwa na WETA, kituo cha utangazaji cha umma cha Washington. Makala zake ni za bure, zimeandikwa kwa Kiingereza na Kihispania, na zinafunguka hata kwa mtandao wa kusuasua. Humo nilijifunza taratibu ambazo sasa natembea nazo katika kila andalio la somo. Ya kwanza ni kuandika malengo mawili kwa kila kipindi: lengo la maarifa na lengo la lugha. Mwalimu wa Biolojia akiandika kwamba mwisho wa kipindi mwanafunzi ataweza kueleza kazi ya majani, mimi namwomba aongeze kwamba mwanafunzi ataweza kueleza sababu kwa kutumia neno "because". Ya pili ni sentensi zenye pengo, kwa mfano "The leaf is green because…", zinazoandikwa kwenye karatasi ya manila na kuachwa ukutani mpaka mada iishe. Zinaonekana kuwa jambo dogo, lakini kwa mtoto ambaye alikuwa ananyamaza kwa sababu hajui sentensi ianzie wapi, zinamfungulia kinywa. Ya tatu, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote, ni kwamba lugha ambayo mtoto amekuja nayo shuleni ihesabiwe kuwa mali. Tovuti hiyo inawashauri walimu wa Marekani wamruhusu mtoto afikiri na ajadiliane kwa Kihispania kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Katika shule kadhaa za kwetu mtoto bado anavishwa kibao shingoni kwa kosa la kuzungumza Kiswahili, na naamini kwa dhati kwamba adhabu hiyo inafunga mlango ambao somo lingepitia.

Ukoo huo wa pili nao una upungufu, na mwalimu anayeuchukua wote bila kuchagua atakwama. Mtoto wa California akitoka darasani anakutana na Kiingereza kwenye basi, dukani, uwanjani na katika televisheni. Mtoto wa Kasulu akitoka darasani anakutana na Kiha na Kiswahili mpaka kesho asubuhi. Hana mahali pa kusikia lugha hiyo ikisemwa, isipokuwa kwa mwalimu wake, ambaye naye huenda aliisikia kwa walimu wake tu. Hapo ndipo ukoo wa kwanza unaporudi kuwa na thamani, hasa kwa sauti. VOA ilianza matangazo yake ya Kiingereza chepesi tarehe 19 Oktoba 1959, kwa kasi ya chini kuliko ya kawaida na kwa msamiati wa msingi wa maneno kama 1,500, na sijaona sauti nyingine inayomfaa zaidi mwanafunzi wa vidato vya mwanzo. Vipindi vya BBC vya dakika sita nawawekea wa Kidato cha Tatu na cha Nne, nikiwa na maandishi yake mkononi ili nisimamishe palipo pagumu. Simu moja na spika ndogo ya bluetooth iliyochajiwa kwa sola zinatosha darasa zima, ikiwa dirisha la upande wa barabara limefungwa.

Machi 2025 watumishi wa VOA waliwekwa likizo na matangazo yake yakasimamishwa kwa amri ya serikali yao. Tangu hapo nimeacha kabisa tabia ya kuhifadhi anwani ya ukurasa peke yake. Ninachokihitaji nakipakua, nakiweka kwenye memori kadi, na nakala moja naiweka kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu. Kazi zilizoandikwa na VOA yenyewe ni mali ya umma, kwa hiyo hakuna anayekuzuia kuzihifadhi, kuzichapa na kuzigawa, ilimradi uangalie chini ya habari kama haikutolewa na shirika la habari lenye haki zake, kama vile AP.

Sasa nije kwenye nyenzo ambazo nazithamini kupita hizo zote, nazo ni za nyumbani. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya shule za msingi na vya sekondari pamoja. Walimu wengi wa sekondari huifungua kutafuta kitabu cha kidato wanachofundisha na kuishia hapo. Mimi nawashauri wafungue na vitabu vya shule ya msingi. Chukua kitabu cha Sayansi cha darasa la juu la msingi, kilichoandikwa kwa Kiswahili, na kitabu cha Biolojia cha vidato vya mwanzo, kilichoandikwa kwa Kiingereza, kisha tafuta mada moja inayopatikana kwa wote wawili: huduma ya kwanza, mmeng'enyo wa chakula, usanisinuru, magonjwa ya kuambukiza. Utagundua kwamba sehemu kubwa ya maarifa ambayo mwanafunzi anaonekana hana, amekwisha kufundishwa. Anajua kwamba jani linahitaji mwanga, maji na hewa ya ukaa. Alilijibu swali hilo katika mtihani wa msingi. Kilichompotea ni njia ya kuyafikia maarifa hayo kupitia lugha mpya.

Kwa hiyo kabla mada haijaanza, mwalimu wa Biolojia na mimi hukaa na kurasa hizo mbili na kutengeneza jedwali la nusu ukurasa. Upande mmoja yanakaa maneno ya Kiswahili kama yalivyo katika kitabu cha msingi, upande wa pili maneno ya Kiingereza ya kitabu cha sekondari, na chini yake sentensi tatu au nne za Kiingereza zinazoyatumia maneno hayo kwa muundo utakaojirudia katika mada nzima. Siku ya kwanza wanafunzi wanasoma aya ya Kiswahili kwanza. Wanajadiliana kwa dakika chache, na hata yule asiyezungumza kamwe katika kipindi cha Kiingereza anakuwa na la kusema. Ndipo tunaingia kwenye aya ya Kiingereza, na kazi yao sasa ni kutambua wapi imesemwa kile ambacho wamekwisha kukielewa. Kipindi hicho kinachukua muda mrefu zaidi kuliko kawaida, na mwalimu anayelikimbiza azimio la kazi ataona kana kwamba anachelewa, lakini vipindi vinavyofuata vinakwenda kwa kasi kwa sababu hakuna haja ya kurudia maelezo yaleyale mara tatu. Jedwali lenyewe linaandikwa ubaoni na kila mmoja analinakili. Halihitaji projekta wala fedha za kudurufu.

Nyenzo nyingine ya nyumbani inayopuuzwa ni taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania na kuwekwa kwenye tovuti yake. Walimu wengi huifungua tovuti hiyo kwa ajili ya matokeo na mitihani ya nyuma, wakati taarifa hizo ndizo zinazoonyesha mwanafunzi aliandika nini hasa. Swali moja moja linachambuliwa, kisha zinawekwa sampuli za majibu mazuri na mabaya kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Katika taarifa za somo la Kiingereza utakutana tena na tena na mtahiniwa aliyenakili sentensi za kifungu cha habari badala ya kujibu, au aliyeandika barua nzuri ambayo haikuombwa, kwa sababu hakulielewa sharti la swali. Mimi huchukua jibu dhaifu, naliandika upya ubaoni, na kuwaomba wanafunzi walisahihishe wakiwa wawili wawili kabla ya kuwaonyesha lililopata alama. Somo la namna hiyo halipatikani katika tovuti yoyote ya Ulaya au Marekani, kwa kuwa makosa yake ni ya watoto wanaofikiri kwa Kiswahili.

Kuhusu hadithi, zipo hazina mbili kubwa. African Storybook iliasisiwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, na StoryWeaver ilianzishwa mwaka 2015 na Pratham Books ya India. Zote zina hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi, Kiswahili na Kiingereza zikiwemo, na zote zinatumia leseni huria za Creative Commons. Jambo hilo la leseni lina uzito kuliko linavyoonekana. Kitabu cha kawaida cha mtandaoni unaruhusiwa kukisoma tu, ilhali hadithi yenye leseni huria unaruhusiwa kuifupisha, kubadilisha majina ya watu na ya mazao, kuirahisisha kwa wanafunzi wako na kuwagawia walimu wengine, mradi umtaje mwandishi wa kwanza na msanii wa picha. African Storybook ina hata sehemu ya kutengeneza toleo lako mwenyewe la hadithi iliyopo, na programu yake ya simu inasoma hadithi ulizohifadhi bila mtandao.

Ugumu ni kwamba hadithi nyingi humo ni za watoto wadogo, na kijana wa miaka kumi na minne ana heshima yake. Ukimpa hadithi ya sungura yenye sentensi kumi kama kitabu chake cha kusoma, anajiona ameshushwa. Nimeona inafaa zaidi kumpa toleo la Kiswahili na kumtaka aandike la Kiingereza litakalosomwa na wadogo zake wa shule ya msingi ya jirani. Hapo anaifanya kazi kwa bidii ya mtu mzima, na baadaye anapolinganisha toleo lake na lile la mtandaoni, maswali anayoyauliza yana ukali kuliko yangu.

Kwa vidato vya juu natafuta matini zinazohusu mkoa wetu wenyewe. Wikipedia ya Kiingereza ina makala kuhusu meli ya MV Liemba, ambayo iliundwa Papenburg nchini Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa meli na reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa, ikazamishwa mwaka 1916 wakati wa vita, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Hakuna matini bora zaidi kwa ajili ya kufundisha kauli ya kutendwa, kwa kuwa katika habari hiyo meli haikufanya lolote yenyewe. Kila kitu ilifanyiwa. Mwanafunzi anayesema bila shida kwamba meli iliundwa, ilizamishwa na iliibuliwa anaona mara moja kazi ya "was built", "was sunk" na "was raised".

Vivyo hivyo kwa Gombe. Wikipedia ya Kiingereza chepesi ina makala kuhusu Jane Goodall, aliyefika Gombe Julai 1960 na mwaka huohuo akamwona sokwe aliyemwita David Greybeard akitumia bua la nyasi kutoa mchwa kichuguuni. Nimeipanua makala hiyo kwa kumwongeza Flo, yule sokwe jike mashuhuri. Kiswahili chetu hakitofautishi jinsia katika nafsi ya tatu, ndiyo maana wanafunzi huchanganya "he" na "she" mpaka Kidato cha Nne, na mazoezi ya vitabuni ya kujaza nafasi hayawaponyi. Ila wanaposimulia habari za mtafiti mwanamke, sokwe dume na sokwe jike katika aya moja, wakichanganya viwakilishi hivyo habari yenyewe inavurugika na wao wenyewe wanaisikia ikivurugika.

Yote hayo yanawezekana bila mtandao kuwepo darasani. Programu ya Kiwix inabeba Wikipedia nzima ya Kiingereza chepesi ndani ya simu, ukishaipakua mara moja ukiwa mjini kwenye mtandao wenye nguvu. Shule yenye kompyuta hata moja inaweza kuweka Kolibri, programu ya bure ya Learning Equality inayohifadhi maktaba nzima na kuisambaza kwa vifaa vya jirani bila intaneti, nayo inaweza kujazwa kwa flashi iliyotoka shule nyingine. Mkoa huu umekuwa na kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, ambako walimu wa Kikongo na Kirundi wamekuwa wakifundisha kwa mitaala ya kwao, na teknolojia ya aina hii inawafaa wao kama inavyotufaa sisi. Ningefurahi sana kuona siku moja walimu wa pande zote mbili za uzio wakibadilishana flashi.

Wapo watakaoniuliza kuhusu programu za akili unde kama ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022. Naitumia kurahisisha aya ngumu na kutunga maswali ya ufahamu, na kila sentensi naisoma kabla haijafika ubaoni, kwa sababu inaweza kutunga habari isiyo ya kweli kwa Kiingereza fasaha kabisa, na mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza hana namna ya kuitambua. Zaidi ya hapo sioni sababu ya kuipa nafasi kubwa kuliko kitabu cha kiada.

Katika vikao vyetu vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, tumekubaliana kukusanya majedwali ya maneno, mada kwa mada, na kuyatuma kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa klasta yakiwa maandishi matupu, ili bando dogo lisimzuie mtu kuyapata. Ya Biolojia yamesonga mbele. Ya Kemia yana maneno ambayo kitabu cha msingi hakiyataji kabisa, na hapo inatubidi tukae na mwalimu wa somo na kamusi tuamue neno lipi litumike. Ya Jiografia tunayaanza muhula ujao, kwa mada ya hali ya hewa, ambayo watoto wa wakulima wa Kasulu na wavuvi wa Ujiji wana mengi ya kuieleza kabla ya sisi kufungua kitabu.